Mwambie Mkwe Wangu

Kwa miaka mingi niliujua mgongo wa mkwe wangu kuliko uso wake. Nikikohoa mlangoni pa ua, yeye huvuta kanga kichwani na kugeukia ukutani, nami hupita upesi nikitazama vidole vya miguu yangu. Ndivyo tulivyoishi hapa Temeke, mama mzaa mke wangu na mimi, katika ua mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Mkwe ni mkwe. Humtazami usoni, hukai kwenye kitanda chake, huli naye, wala humsemeshi ana kwa ana.

Lakini mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno, na maneno hayakai tumboni. Akitaka kuniambia jambo alilituma kwa kuku.

"Kuku we, mwambie mkwe wangu paa la jikoni linavuja."

Mimi niko palepale, kiambaza tu kati yetu, najitia sijasikia. Kisha namjibu kuku yuleyule: "Kuku, mwambie mkwe wangu kesho nitapanda juu." Kama kuku hayupo, alisema na kinu. Kinu kikiazimwa, alisema na ufagio. Siku moja nilimsikia jikoni akikohoa na kusema na moshi: "Moshi, mwambie mkwe wangu kuni alizonunua ni mbichi, na aliyemuuzia kamwona naye mbichi." Ilinibidi nitoke nje ya ua nikachekee barabarani.

Na huyo aliyeitwa mbichi si mtu wa kuitwa mbichi. Mimi nilikuja huku kutoka upande wa Kisarawe na panga na mkeka, basi. Chuoni, kwenye Kurani, nilifika juzuu ya amma, mwalimu akanichapa, nikaruka dirisha, na tangu siku hiyo mwalimu wangu ni mikono hii. Nilibeba mchanga wa kujengea nyumba za watu. Nikajifunza kusimamisha nguzo, kukandika, kuezeka. Vita vya pili vilipokuja, mabati yakawa hayaonekani sokoni. Mafundi wenzangu wakakaa barazani wakisikitika. Mimi nilikwenda Kariakoo kwa Mhindi mmoja muuza mafuta ya taa, nikamwambia, "Bwana, madebe yako matupu yote ni yangu." Nikayapasua, nikayanyoosha kwa nyundo, nikayapigilia paani yakilaliana kama magamba ya samaki. Kuanzia Mtoni hadi Chang'ombe, ukiona paa la debe lisilovuja, uliza nani kaliezeka. Kama hukutajiwa mimi, basi uliyemuuliza kahamia jana. Wapo walioniiga. Mapaa yao yanavuja mpaka leo.

Mkwe wangu hayo yote aliyaona na hakuyasifu. Nilipopeleka posa kwa mara ya kwanza, washenga wangu walirudi na jibu lake: "Mwambieni huyo mbeba mchanga, binti yangu si kifusi, habebwi na kila mwenye karai." Nikapeleka tena, akakataa tena. Nikapeleka mara nyingine nyumba yangu ya kwanza ikiwa imekwisha kusimama, na milango imetiwa. Hapo akasema, "Haya. Sasa naona ana mlango. Aingie." Jina langu hakulitaja. Mpaka leo sijui kama alilijua.

Kazi yake ilikuwa ukungwi. Msichana akivunja ungo, alitiwa ndani, na mkwe wangu ndiye aliyeitwa kumfunda. Mabibi wengi wa Temeke na Mtoni wamepita mikononi mwake. Alikuwa na ngoma yake ndogo, alikuwa na nyimbo zake, na mwanamume akipita karibu na ua wakati wa unyago alimwagiwa maji, nami sisemi maji gani. Alichofundisha humo sikijui, mimi mwanamume. Hata ninachokijua sikijui.

Lakini wenzake wenyewe ndio waliokuwa wakisema kuwa mama yule aliyegeukia ukuta kwa ajili yangu, ndani ya ngoma mdomo wake haukuwa na kifuniko. Mke wangu alipokuwa mwali alimwuliza: mama, mbona nje hivi na ndani vile? Akajibiwa neno ambalo wanawake wa huku wanalirudia hadi sasa: "Aibu ni nguo, mwanangu. Ina pahala pa kuvaliwa na pahala pa kuvuliwa. Anayeivua njiani ni mwehu, na anayeoga nayo ni mjinga."

Alikuwa hivyo, mambo mawili mawili. Chumvi aliipima kama dhahabu, na tambuu yake ya kutafuna ilikuwa ya kila mpita njia. Mtoto wa jirani akimtukana alimchapa kwa mwiko, halafu mama wa mtoto akija na hasira, mtoto yumo uvunguni mwa kitanda cha mkwe wangu anakula muhogo wa nazi. Nyoka alimuua kwa mchi wa kutwangia, chura alimkimbia. Na kila mwali alimwambia sikioni kuwa hajapata kumfunda mwingine mwema kama yeye. Walipokuja kuambizana, wameshakuwa bibi, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ugonjwa wenyewe ulianza na chumvi. Yeye aliyeipima kama dhahabu akaitia mchuzini mara mbili, kisha mara ya tatu, na akatukasirikia sisi tuliokunja uso. Baadaye akawa anamwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu siku moja tukamkosa. Tulimtafuta mtaa mzima, tukamkuta nyuma ya nyumba yangu ya kupangisha, amepiga magoti na kamba na kata yake, anateka maji ukutani. Palikuwa na kisima pale zamani. Mimi mwenyewe nilikifukia nikajenga juu yake. Alishusha kata ikagonga udongo, akaipandisha, akachungulia ndani, akasema, "Mwaka huu maji yamekwenda mbali."

Wapangaji wangu walisimama wakitazama, hakuna aliyecheka.

Kila mtu alikuwa na lake. Wako waliosema shetani; tukamleta mganga, akafukiza, akaondoka. Tukampeleka hospitali, daktari akasema huu ni uzee wa akili, hauna sindano, mlisheni, mwosheni, msimwache peke yake. Mke wangu akasema, "Basi nimesikia," akakaza kibwebwe. Tangu siku hiyo alimwosha mama yake kama alivyowaosha wanangu, asubuhi na jioni, alimfulia, alifunga upindo wa kanga yake na upindo wa kanga ya mama walipolala, ili akiamka naye aamke. Kwa kazi ile mke wangu ni fundi, nami si mwepesi wa kumpa mtu mwingine jina hilo.

Kisha ikafika siku aliyonitazama.

Nilikuwa uani nanyoosha debe. Akatoka chumbani kichwa wazi, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, akanipima kuanzia utosini hadi miguuni. Nilishindwa pa kuweka macho. Nikaona, bila kutaka kuona, kuwa ana mwanya kama wa binti yangu Mwajuma.

"We kijana! Mchanga uko wapi?"

Mke wangu aliachia mwiko jikoni, nikausikia ukianguka. "Mama! Mama, funika kichwa! Huyo mkweo!"

"Mkwe gani?" Akamgeukia kwa dharau. "Mkwe wangu mimi ni fundi mkubwa. Ana nyumba zake. Akiezeka paa hata umande hauingii. Huyu mbeba mchanga tu, mtazame miguu." Halafu kwangu: "Haya, chukua karai, unasubiri mshahara wa kusimama?"

Maneno yale, tangu nioe, hakuna kuku aliyewahi kuniletea.

Nikachukua karai. Palikuwa na mchanga wangu wa kukandikia pembeni mwa ua, nikaubeba kutoka pembe hii nikaumwaga pembe ile, naye amesimama mikono kiunoni, "Hapo. Hapo. Usimwage kama mlevi." Ulipokwisha nikaurudisha. Alitulia siku ile kuliko siku zote. Basi ikawa kazi yangu. Mtu mwenye nyumba nyingi kama mimi anabeba mchanga uani kwake, kutoka pembe moja hadi nyingine, na wapangaji wanachungulia. Mmoja akaniuliza, "Fundi, unajenga nini?" Nikamwambia, "Najenga afya ya mkwe wangu. Wewe umemjengea nini wako?" Akarudi ndani.

Mchanga niliuweza. Nyimbo ndizo zilizotushinda.

Alizianza alasiri moja, watoto wanatoka chuoni, wanaume wako barazani wanacheza bao. Akaketi katikati ya ua, akapiga makofi, akaimba nyimbo za unyago. Kwa sauti ile ile ya ukungwi, iliyozoea kusikika juu ya ngoma. Mimi nilikimbia nimeziba masikio. Mke wangu akamwekea kiganja mdomoni, akang'atwa. Kesho yake akaimba tena, na kesho kutwa. Wiki haikupita, watoto wa kike ambao hawajavunja ungo walikuwa kisimani wanaimba maneno ambayo mama zao walilishwa kiapo wasiyaseme mbele ya mwanamume. Wanawake wakaacha kuja kwetu kuazima kinu.

Mimi kelele hazinitishi, kelele ndiyo kazi yangu. Nikasema, dawa ya sauti ni sauti. Kila akianza kuimba, nachukua nyundo na debe, nanyoosha kwa nguvu zote, pa-pa-pa, mtaa usisikie neno. Nikajisifu kwa mke wangu: umeona? Ilikuwa kweli, maneno hayakusikika vizuri. Lakini yeye akazidi kuimba. Nikazidi kupiga. Akainuka akacheza. Mimi naona anachangamka, nafurahi, nakaza mkono.

Hapo akaja kungwi mkubwa wa Mtoni na wenzake watatu, wamejifunga kanga, nyuso zimekunjamana. Huyu alikuwa mwenzake mkwe wangu tangu ujana wao. Hawakupiga hodi. Alisema na mke wangu, lakini kwa sauti ya mimi kusikia:

"Mwanangu, nani anapiga ngoma ya mwali humu?"

"Si ngoma, mama. Baba Mwajuma ananyoosha debe."

"Debe! Sisi tumeisikia tangu kwenye mnazi ule wa njia panda. Mama yako anaimba, na mumeo anamwitikia. Pigo la kwanza, la pili, na la kukatiza, yote yamo! Nani kamfundisha?"

Nilitazama nyundo yangu. Mkono wa fundi hufuata mlio, wenyewe, kama mguu unavyofuata njia. Nilikuwa nimeificha siri kwa kuipigia ngoma, mwanamume mimi, kila alasiri, na mtaa mzima umesikia.

Na ubaya wa jambo ulikuwa huu. Mwajuma, binti yetu wa kwanza, alikuwa amevunja ungo mwezi ule, yumo ndani. Posa yake ilikwisha kupokewa, watu wa Chang'ombe wanasubiri atoke. Kungwi mkubwa akaweka neno lake pale uani: nyumba inayomwaga siri kwa watoto haitoi mwali. Mama huyu apelekwe Chamazi kwa kaka yake, huko porini hakuna wa kumsikia. La sivyo Mwajuma atakaa ndani mpaka aote mvi.

Kaka yake huyo namjua. Mzee mwenyewe haoni vizuri, anaishi peke yake na mikorosho, hana hata kuku wa kusema naye. Mke wangu akaangua kilio. "Nani atamwosha huko, mama? Mjomba? Mwanamume amwoshe dada yake?"

"Na huyu mtoto wako aliye ndani," kungwi akasema kwa upole, kwani hakuwa mtu mbaya, "yeye nani atamuoa hajafundwa?"

Mke wangu akanitazama. Mama yake au binti yake, achague. Nami nifanyeje? Wale wote ni wenzake mkwe wangu, kwa hiyo wote wakwe zangu, siwezi kuwasemesha. Nikatazama huku na huku. Akapita kuku mwenye vifaranga.

"Kuku," nikasema, "waambie wakwe zangu hawa, nyumba hii niliijenga mimi, na mama huyu aliniambia niingie nilipokuwa na mlango. Sasa mlango ni wangu. Sitamtoa nje."

Mmoja wao akaficha mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Kungwi mkubwa hakucheka. "Kuku, mwambie fundi nyumba ni yake. Siri si yake."

Hapo ndipo mke wangu alipofuta machozi. Yeye hasemi sana, maneno ya nyumba yetu nayasema mimi, lakini siku ile alisema. "Mama zangu, ninyi mlifundisha pamoja naye, nami nilifundishwa naye. Aibu ni nguo, ina pahala pa kuvuliwa. Yeye kasahau pahala tu, nyimbo hajazisahau. Jina langu kalisahau, na zile hakuacha hata moja. Basi mwingizeni ndani ya ngoma ya Mwajuma aimbe. Akiimba humo, atakuwa kamwaga nini?"

Mkwe wangu mwenyewe, aliyekuwa ameketi chini kama hayamhusu, akaanza kuimba taratibu. Kungwi mkubwa akainamisha kichwa kusikiliza. Akamwuliza mwenzake, "Huo tuliuacha lini?" Mwenzake akasema, "Mimi sikumbuki hata tuliupata lini." Kungwi mkubwa akaketi chini karibu na mkwe wangu, akamshika mkono, na habari ya Chamazi hakuitaja tena.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi ni mimi. Nyuma ya nyumba nikajenga ua wa pili, wa makuti mara mbili na madebe katikati, mrefu kupita mtu aliyebebwa begani, mlango mmoja wa kuinama. Sauti ikiingia humo haitoki. Ukuta wa namna ile hujauona Dar es Salaam nzima. Nilipomaliza kufunga kamba ya mwisho wanawake wakaniambia, "Ahsante, fundi, sasa potea," nikaenda kukaa Mtoni mpaka mwali alipotoka.

Mwajuma alifundwa na bibi yake, kama bibi alivyokuwa akiahidi tangu binti huyu anatambaa. Hakumjua. Kila siku alimwuliza, "We mwana wa nani?" Lakini sikioni alimwambia lile neno lake, kuwa hajapata kumfunda mwingine mwema kama yeye. Mwajuma alipotoka, alikuwa akiringa nalo. Hakuna aliyemwambia kuwa wote waliambiwa.

Baada ya hapo, kila alasiri, mke wangu alimwongoza mama yake kwenye ua ule, akafunga mlango, wakaimba. Nami saa hiyo nyundo yangu niliilaza.

Nyimbo nazo zikamtoka, moja baada ya moja. Mwisho hata mchanga hakuutaka. Nilipita na karai makusudi, sikuitwa. Akawa mtu wa kukaa kwenye kitanda cha kamba kwenye kivuli cha jiko, akipindua upindo wa kanga yake, hasemi na mtu, wala kuku, wala moshi.

Sasa niseme juu ya siku ile. Mwajuma ameshaolewa Chang'ombe. Mke wangu aliitwa msibani Mbagala asubuhi, akamwachia jirani mmoja kazi ya kumlisha mama. Jirani yule mtoto wake akashikwa na degedege, akakimbia naye hospitali. Mimi nilirudi adhuhuri kuchukua msumeno. Nikakohoa mlangoni kama kawaida. Nikapita nikitazama vidole vyangu, nikasikia kitu kama mtoto anayenyonya. Alikuwa ananyonya upindo wa kanga. Bakuli la uji liko kando, limefunikwa, halijaguswa.

Nikaita kwa jirani wa kulia, kimya. Wa kushoto, kimya. Wanawake wote wako Mbagala. Nikasimama pale, mimi ninayepanda boriti hizo bila ngazi, naogopa bakuli.

Mwishowe nikaketi kwenye kigoda, nikampa mgongo, uso wangu nikauelekeza mlangoni. Nikachota uji, nikapeleka kijiko nyuma. Kikagonga kitu. Nikachota tena. Nimewahi kupigilia misumari gizani bila kukosa hata mmoja, lakini uji ule niliusikia ukidondoka kwenye kitanda, kwenye mkeka, na kuku wakaja mbio. Kijiko kingine nadhani kilikwenda sikioni.

Kanga ikafanya mchakacho nyuma yangu. Kisha ile sauti, iliyokauka kwa kutotumika, lakini ni yenyewe.

"Kijiko," ikasema, "mwambie mkwe wangu mdomo uko huku."

Nikageuka kidogo, kiasi cha kuona kanga tu. Alikuwa ameivuta kichwani mpaka machoni, amegeukia ukutani kama zamani, na chini ya upindo mdomo uko wazi, unangoja.

"Kijiko," nikasema, "mwambie mkwe wangu nimesikia."

Nikasogeza kigoda. Nikapitisha kijiko chini ya upindo, taratibu, na kingine, na kingine, mpaka bakuli likawa tupu. Usoni sikumtazama, naye hakuiinua kanga.